Tatizo hili wapi halipo?

Kikao cha dharura katika ofisi nyingi za kwetu unaweza kukisimulia hata kama hukuwemo. Fedha zimepungua, au mteja amelalamika, au ripoti imekwenda juu ikiwa na takwimu zisizolingana. Mkuu anaingia, anaweka simu mezani, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni: "Nani alikuwa zamu?" Kuanzia hapo kila aliyekaa pale anawaza jambo moja tu, namna ya kutoka bila jina lake kuandikwa. Kikao kikiisha, kuna mtu amepewa barua ya kujieleza, mwingine amehamishwa kitengo, na tatizo lenyewe liko palepale, linasubiri mwezi uishe lijitokeze tena.

Nimekaa maghalani na maofisini muda wa kutosha kuamini kwamba hatukosi akili. Mtu anayeweza kulisha watu saba na kulipa ada kwa mshahara wa kwetu hawezi kuambiwa hajui kufikiri. Kinachotuponza ni mpangilio wa maswali. "Nani" akitangulia, watu hujihami, na mtu anayejihami hasemi alichokiona. Swali ambalo ningependa litangulie nimelisikia mara chache sana: tatizo hili wapi halipo?

Linasikika la ajabu. Tumeitana kwa sababu ya hasara, sasa mtu anataka tuzungumzie penye faida? Lakini angalia lilivyofanya kazi Vienna, Austria, miaka ya 1840.

Hospitali Kuu ya mji ule ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Wajawazito walipokelewa kwa zamu, siku hii wodi ya kwanza, siku inayofuata ya pili. Wodi ya kwanza ilikuwa ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, ya pili ya kufundishia wakunga. Tofauti nyingine kubwa ilikuwa makaburini: kwa miaka kadhaa, wodi ya kwanza ilipoteza kwa wastani takriban kina mama 10 kati ya kila 100 waliojifungua, wengi kwa homa ya uzazi, huku ya pili ikipoteza chini ya 4. Mji mzima ulijua. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasilazwe wodi ya kwanza. Wengine waliishia kujifungulia njiani, na hao wa njiani walipata homa kidogo kuliko waliolazwa.

Wakubwa walifanya nini? Waliunda kamati. Na kamati, kama kamati nyingi ninazozijua, ilipata mtu wa kulaumu: wanafunzi, hasa wageni kutoka nje, ikidaiwa kwamba wanawapima kina mama kwa mikono mizito. Wanafunzi wakapunguzwa karibu nusu, wageni wengi wakaondolewa. Vifo vikashuka kidogo kwa muda mfupi, kisha vikapanda tena kupita vilivyokuwa.

Mwaka 1846 akaanza kazi pale daktari kijana wa Kihungari, Ignaz Semmelweis. Yeye alizisimamisha wodi mbili kando kwa kando na kuuliza kila sababu inayotajwa kama ipo pia upande wa pili. Hewa mbaya ya mji? Wodi zote zinavuta hewa moja. Msongamano? Wodi ya pili ndiyo iliyojaa zaidi, kwa kuwa watu waliikimbia ya kwanza. Kulikuwa na hoja kwamba padri, akienda kumwombea anayekaribia kufa, hupita katikati ya wodi ya kwanza kengele ikilia mbele yake, na hofu ndiyo inayoua. Semmelweis akamwomba padri abadili njia na kuacha kengele. Vifo vikaendelea. Wodi moja kina mama hujifungua wakilala chali, nyingine kwa ubavu. Akabadilisha na hilo, hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alifuta sababu moja baada ya nyingine, zikiwemo zile ambazo wenye vyeo walizipenda, kwa kipimo kilekile: kama inaua huku, mbona haiui kule?

Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa uchunguzi wa maiti, alichomwa kidole na kisu cha mwanafunzi akiwa kazini, akafa. Dalili zake zilifanana na za kina mama wa wodi ya kwanza. Sasa lile pengo kati ya wodi mbili likapata maana. Wanafunzi na madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti asubuhi, kisha wanakwenda kuwapima wajawazito. Wakunga hawakupasua maiti. Mei mwaka huohuo akaamuru kila anayeingia anawe mikono kwa maji yenye klorini ya chokaa. Mwaka 1848 vifo katika wodi ya kwanza vilikuwa vimeshuka hadi kama 1 kati ya 100, sawa na wodi ya wakunga.

Tazama kejeli iliyomo. Kamati iliyotafuta "nani" ilikuwa imewagusa wahusika wenyewe, wanafunzi. Walikuwa ndio kweli wanaobeba ugonjwa, wao pamoja na maprofesa wao. Lakini kwa kuwa kamati ilitaka watu wa kuondoa, haikuona kitu cha kuondoa mikononi mwa waliobaki.

Sasa tuje nyumbani. Niliwahi kufanya kazi kwa mfanyabiashara wa jumla hapa Dar es Salaam, jina lake tuliache. Kila mwisho wa mwezi tukihesabu stoki, mzigo unapungua kuliko kompyuta inavyosema. Walinzi wawili wakaondolewa. Zikafungwa kamera. Watunza stoo wakakatwa mishahara kwa mgawanyo sawa, adhabu ambayo siku zote naiona kama njia ya kuwafundisha watu waaminifu kwamba uaminifu hauna faida. Mzigo ukaendelea kupungua.

Kulikuwa na binti wa chuo, yuko fildi, amepewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuingiza upya karatasi za hesabu za miezi iliyopita. Hakuwa na hofu ya kukatwa mshahara kwa sababu hakuwa na mshahara. Akiwa anaandika, akaorodhesha pembeni bidhaa ambazo hazijawahi kupungua hata mara moja. Madumu ya mafuta ya kupikia yalikuwemo. Mche wa sabuni ulikuwemo. Akamfuata mhasibu, akamwambia kwa adabu, "Kaka, huyu mwizi ni wa namna gani, anaacha mafuta anabeba biskuti?"

Mafuta yalikuwa ghali na yanauzika popote mtaani usiku huohuo. Kilichokuwa kinapotea ni biskuti na juisi fulani, bidhaa zinazouzwa kwa katoni na pia kwa kuvunja katoni. Walipofungua katoni za biskuti na kuhesabu, zilikuwa na pakiti 20. Kompyuta ilizijua zina 24, kwa sababu msambazaji alikuwa amebadilisha ufungashaji na hakuna aliyegusa mfumo. Kila katoni iliyovunjwa ilizaa wizi wa pakiti nne ambao haukufanywa na mtu yeyote. Marekebisho yalichukua mchana mmoja. Waliokatwa mishahara walirudishiwa kidogokidogo. Walinzi hawakuitwa tena.

Najua kuna msomaji anayesema wezi wapo. Wapo, tena wengi, na sina nia ya kuwatetea. Ila hata mwizi hukamatwa vizuri zaidi na swali hili kuliko na vitisho. Upotevu ukitokea zamu za usiku tu, au siku ambazo lori fulani linapakia, tayari una pa kuanzia, na una kitu cha kuweka mezani. Sheria ya Tanzania yenyewe inataka hivyo: kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza kama kuna sababu za kuitisha kikao cha nidhamu. Anayeruka hatua hiyo anaweza kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hata kama aliyefukuzwa aliiba kweli.

Kuna mfano mwingine unaonisumbua zaidi, kwa sababu waliohusika walikuwa wahandisi, watu wanaolipwa kufikiri. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia, walizungumza kwa simu na maofisa wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kuhusu kurusha chombo cha anga cha Challenger asubuhi yake. Utabiri ulikuwa wa baridi kali. Wahandisi waliogopa kwamba pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi zitakakamaa kwa baridi na kuvujisha moto. Walikuwa na takwimu za safari za nyuma ambazo pete ziliwahi kuharibika. Shida ni kwamba safari mojawapo ilikuwa ya siku ya baridi, nyuzi kama 12 za Selsiasi, na nyingine ya siku ya joto, nyuzi 24. Ukizitazama hizo tu, baridi haionekani kuwa na kosa.

Ambazo hazikutazamwa ni safari zilizokwenda salama. Tume iliyoundwa na Rais Reagan ilipoziweka zote pamoja baadaye, picha ikawa nyingine kabisa. Safari zote nne zilizorushwa kwenye nyuzi 18 au chini yake zilikuwa na hitilafu. Kati ya safari 20 zilizorushwa kwenye joto zaidi ya hapo, ni tatu tu. Asubuhi ya tarehe 28 ilikuwa nyuzi 2. Challenger iliruka sekunde 73, ikasambaratika na watu saba ndani.

Usiku ule kulikuwa na jambo la pili, na hili mfanyakazi wa kwetu atalielewa bila kuelezwa. Wahandisi walipong'ang'ania kwamba safari iahirishwe, viongozi wa kampuni waliomba dakika chache za faragha. Humo ndani mkuu wa uhandisi aliambiwa na bosi wake avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Akavaa. Wahandisi waliokuwa mle chumbani hawakuulizwa tena. Sisi tuna maneno laini zaidi kwa jambo hilohilo: "Hili limeshaamuliwa juu."

Maofisini mwetu siku hizi mafunzo ya mbinu za kutatua matatizo hayakosekani. Ukiingia hospitali nyingi za serikali utakuta ukutani bango la S tano, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, zilizovishwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Zinasaidia, nimeona stoo za dawa zilizobadilika sura. Wengine wamefundishwa ile mbinu ya Toyota ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Taiichi Ohno wa kampuni hiyo aliieleza kwa mashine iliyozima: fyuzi imeungua kwa kuwa mashine imezidiwa, imezidiwa kwa kuwa beringi hazipati mafuta ya kutosha, hazipati kwa kuwa pampu haivuti vizuri, haivuti kwa kuwa mhimili wake umelika, umelika kwa kuwa hakuna chujio, vipande vya chuma vinaingia. Dawa ni chujio. Katika mlolongo mzima hakuna jina la mtu. Nimeiona mbinu hiyohiyo ikitumiwa kwetu, na "kwa nini" ya pili tu ikawa imeshamfikia fundi wa zamu. Zilizobaki tatu zikatumika kumhoji.

Kwa hiyo sina imani kubwa na semina kama mpangilio wa kikao unabaki uleule, bosi akifungua kwa kueleza chanzo anachokiamini, kisha anauliza kama kuna mwenye maoni. Nani atakuwa nayo? Kiongozi anayetaka kujua kweli akae kimya mpaka wadogo wamalize, aanze na yule wa cheo cha chini kabisa, maana ndiye anayeigusa kazi kwa mikono. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji bosi anayeweza kuvumilia nusu saa bila kuonekana anajua.

Na kama wewe ndiye mdogo? Kuuliza hadharani kuna gharama, utaitwa mwenye kimbelembele kabla hujamaliza sentensi. Semmelweis mwenyewe alikuwa na haki lakini hakuwa na subira: alichelewa mpaka 1861 kuchapisha kitabu chake, kisha akawaandikia waliompinga barua za wazi akiwaita wauaji. Hawakunawa mikono kwa ajili ya barua zile. Usimshtukize mkuu wako mbele ya watu kwa tarakimu ambazo hajaziona. Nenda kabla ya kikao, sema unaomba kueleweshwa, umpe karatasi moja yenye safu mbili: penye tatizo, na pasipo na tatizo. Ya kwanza itajaa haraka, kila mtu anazo kumbukumbu za mabaya. Ya pili itakuchelewesha, kwa sababu hakuna anayeandika siku ambayo mzigo ulitimia, mashine haikuzima, mteja akaondoka bila neno. Kumbukumbu hizo anza kuzitunza sasa, wakati hakuna kikao kilichoitishwa.