Mahali pa Biashara

Yakhe, kazi yangu mimi ni kutembea. Mkono mmoja dele la kahawa, makaa yanawaka chini yake, mkono wa pili ndoo ya vikombe. Vikombe viwili nimevipachika vidoleni, navigonganisha, ka-ka-ka, na mtu aliyelala ndani Kikwajuni anajua nishafika. Tangazo langu ndilo hilo.

Sasa juzi naambiwa nikate kibali. Sikukataa. Nikenda ofisi moja, siitaji jina, mji wenyewe mdogo huu na kesho nataka kupita. Nikapewa fomu. Jina, nikajaza. Shehia, nikajaza. Mstari wa tatu: mahali pa biashara.

"Mwanangu, hapa niandike nini?"

"Unapouzia, mzee."

"Alfajiri nipo Malindi wanakoshusha samaki. Saa nne Darajani. Alasiri Jaws Corner, kwa wazee wa dhumna. Baada ya magharibi Michenzani."

"Mstari ni mmoja, mzee."

"Basi andika njiani."

"Njiani hairuhusiwi."

Hebu nambieni. Na mkoa wetu wa Mjini Magharibi una manispaa tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Mteja wangu akiondoka na kikombe, nami nikamfuata nyuma kudai kikombe changu, kibali si kitakatikia njiani?

Barua ya sheha ilikuwa rahisi. Sheha ana deni langu la vikombe kumi na saba, muhuri ulipigwa kabla sijakaa kitako.

Kupima afya ndiko kulikonitoa jasho. Binti wa maabara, rika la mjukuu wangu, kanipa kikopo na kijiti. Nikashukuru, nikidhani mna dawa ya kunywa. "Babu, hicho ni cha choo." Lahaula! Tumbo hili linalonisumbua kila siku kwa kahawa chungu, siku hiyo likanuna. Nikakaa benchini tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri, kikopo mkononi, na wateja wangu wanapita: "Mzee, leo unapimia kwa kikopo?"

Akaja bwana afya kukagua vyombo. Akaitazama ndoo. Maji ya ndoo yangu, tuseme ukweli, ikifika saa tano huwezi kujua yapi maji ya kuoshea na ipi kahawa. Akasema vikombe vioshwe kwa maji yanayotiririka. Hapo nilinyamaza. Mwaka 2016 kipindupindu kilipotupiga, vyakula vya njiani vilizuiwa, na nilikaa nyumbani namtazama mke wangu naye ananitazama. Sitaki kurudi kule. Nimenunua dumu lenye bomba, nalibeba begani, na bega limeanza kulalamika kuliko mimi.

Lakini kwenye kashata tuligombana. Zamani nilikuwa nazitia kwenye vifuko vya plastiki, navyo vimepigwa marufuku hapa Zanzibar tangu 2006. Nikahamia kwenye gazeti. Bwana afya anasema gazeti lina wino. Nikamuuliza, sasa nizifungie kwenye nini, kofia yangu? Akaitazama kofia. Wallahi aliitazama, kisha akaandika kitu.

Nikarudi na makaratasi yote, mstari wa tatu bado mtupu. Foleni haisogei. Saa kumi kasoro karani akatoa kichwa dirishani, anahangaika macho: "Jamani, yule mzee wa kahawa leo mbona hakupita?"

"Nipo hapa, foleni yako hii hii, tangu asubuhi!"

Bahati dele nilikuwa nalo. Nikawamiminia ofisi nzima, mpaka mlinzi. Karani alipomaliza cha pili akaichukua fomu yangu, akaangalia dari, akaandika mwenyewe kwenye ule mstari: "Ukumbi wa ofisi hii." Akagonga muhuri.

Kwa hiyo sasa mimi ni mfanyabiashara halali, mradi nisitoke kwenye ukumbi ule. Leo asubuhi nimekwenda, nimetandika vikombe vyangu kwa mujibu wa kibali. Wamekunywa kumi na wawili.

Karani kaniambia, "Mzee, tia kwenye daftari."