Barabara Itangulie Nyumba

Ukitoka Mbagala Rangi Tatu, kusini mwa Dar es Salaam, kwa barabara ya Kilwa, unapita Kongowe, unaingia Mwandege, kisha Vikindu. Hapo katikati umeshavuka mpaka na kuingia Mkoa wa Pwani, lakini huoni tofauti: ni maduka ya vifaa vya ujenzi, matofali yaliyoanikwa na vibao vya "viwanja vinauzwa" mfululizo. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani ukiwa na watu milioni 1.1 hivi. Ya 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 2. Jiji limehamia mashambani, na sisi tuliohamia nalo tunaishi bila mchoro wa mipango miji.

Mimi nilinunua kwa mkulima, kwa mkono wa dalali. Nilioneshwa vigingi vinne na kuambiwa barabara itapita hapa mbele. Leo hapo mbele pana ukuta wa jirani, naye hana kosa, kwani aliuziwa kihalali kama mimi. Boza la maji linaishia mbali, tunavuta mpira. Usiku mmoja mama mjamzito wa nyumba ya nyuma alitolewa kwa bodaboda, akiwa ameshikiliwa na shemeji yake, kwa sababu gari halifiki. Tangu siku hiyo siwezi kulizungumza jambo hili kwa utulivu.

Fanyeni hesabu. Ekari, ile tunayoipima kwa hatua 70 kwa 70, ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita 400. Mkulima akikata viwanja kumi, ekari imekwisha. Barabara ikate wapi? Hakuna mtu mbaya katika hesabu hii. Mkulima anasomesha watoto, mnunuzi amechoka kupanga nyumba za watu. Kilichokosekana ni mtu wa halmashauri kufika na mchoro kabla ya dalali, akamwambia yule mzee: uza nane, viwili viwe njia, na hivyo vinane vitapanda bei kuliko kumi visivyofikika.

Najua wapo wanaosema urasimishaji, yaani kupima na kupanga makazi yaliyokwisha kujengwa, utatengeneza. Kwetu ulikuja. Tulichangishwa fedha na kampuni ya upimaji, tukakaa vikao vya kuombana mita moja moja za uzio, watu wakanuniana hadi misibani. Nyumba ikishasimama, kila mita ya njia ni ugomvi. Shamba likiwa bado na mikorosho, ni kamba na vigingi tu.

Na tumewahi kufanya vizuri zaidi. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002 ulipima kwanza, ukauza baadaye: Buyuni, Kibada, Bunju na kwingine. Maji na lami vilichelewa sana, na wakazi wana haki ya kulalamika. Ila lami ikija inapo pa kukaa. Kwetu hata bajeti ikipatikana kesho, greda litasimama wapi?

Kuna na suala la mpaka. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa kila halmashauri mamlaka ya kupanga eneo lake, kwa hiyo Temeke, upande wa Dar es Salaam, inapanga mpaka Kongowe, na Mkuranga, upande wa Pwani, inaanza upya ng'ambo. Lakini mkazi wa Vikindu anafanya kazi Kariakoo na kuuguza Temeke. Nataka halmashauri hizi zikae meza moja, zichore barabara kuu, mikondo ya maji ya mvua, shule, zahanati na makaburi. Makaburi hasa. Mtaani kwetu hatuna, na tunaowazika tunawasafirisha.

Zaidi ya Vikindu, ukiacha lami na kuingia ndani, mashamba bado yapo, minazi na mikorosho kwa upana. Jumapili iliyopita nilipita huko nikahesabu vigingi vipya kwenye mashamba matatu. La nne, mwenyewe alikuwa anapalilia muhogo. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote wa mipango miji aliyewahi kufika kwake. Akasema waliofika ni madalali, wiki hiyo watano.