Betri ya moyo yenye nyaya tatu: kukaza waya au kufunga mkono?

Mgonjwa wa Newala au Nachingwea anayerudi kutoka Dar es Salaam na betri ya moyo yenye nyaya tatu, kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kuusukuma moyo kwa umeme, huja na agizo moja ambalo nyumba nzima hulikariri: mkono wa kushoto usipite bega kwa wiki sita. Agizo lina sababu. Ila limebebeshwa kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilipaswa kuwa imemalizika kwenye meza ya upasuaji.

Betri hii huwekewa mtu ambaye chemba ya chini ya kushoto inasukuma asilimia 35 au pungufu ya damu iliyomo, na umeme wa moyo unaufikia upande huo kwa kuchelewa, hasa pale QRS, alama ya umeme wa chemba za chini kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), inapotanuka kufikia milisekunde 150. Waya mmoja hukaa chemba ya juu kulia, mwingine chemba ya chini kulia. Hizo mbili zinanasa kwenye nyama ya moyo kwa kiskurubu au vijikucha. Wa tatu ndio msumbufu. Hupitishwa kwenye koronari sainasi, mfereji unaokusanya damu ya misuli ya moyo, hadi kwenye tawi la vena (mshipa unaorudisha damu) ubavuni mwa moyo. Mara nyingi haujachomekwa popote, umekwama tu kwenye kuta za vena kwa sababu umepindwa kama S au kama springi. Ndiyo maana huchomoka kuliko wenzake, na aghalabu mapema, kuanzia saa za kwanza hadi wiki chache, kabla kovu halijaushika.

Daktari ana njia mbili za kuutuliza, na zote zina deni. Akiusukuma ndani kabisa kuelekea ncha ya moyo, vena inakuwa nyembamba na waya unabanwa vizuri, lakini kusukumia umeme kwenye ncha hakumpi mgonjwa nafuu inayotarajiwa. Akiuacha katikati ya ubavu, umeme unafika panapotakiwa lakini vena ni pana na waya unateleza. Waya wa ncha nne za umeme umepunguza ugomvi huu: ncha ya mbele inazamishwa ndani ili ishike, umeme unatolewa na ncha za nyuma. Na waya ukisogea kidogo, mara nyingi inatosha kubadilisha ncha inayotumika kwa kompyuta ya betri, bila kisu.

Njia nyingine ni waya wenye skurubu ndogo ubavuni inayouma ukuta wa vena. Unashika kweli. Wanaosita kuutumia wanakumbuka Attain StarFix ya Medtronic, waya uliokuwa na mbawa zinazofunguka ndani ya vena: ulikaa imara, lakini kovu lilipoota kati ya mbawa, kuutoa kukawa shughuli nzito. Swali la kuutoa si la nadharia. Vijidudu vikiingia kwenye mfuko wa betri chini ya ngozi, nyaya zote lazima zitoke. Lakini upande wa pili nao una hoja: waya uliochomoka humrudisha mgonjwa kwenye upasuaji, na kila mfuko unapofunguliwa upya hatari ya vijidudu inapanda. Kwa mgonjwa aliye zaidi ya kilomita 500 na hospitali iliyomwekea betri, kwenye barabara ambayo mvua za Mei 2024 ziliikata pale Somanga, mizani yangu inaelemea waya wa skurubu, hasa vena inapokuwa pana au iliyonyooka.

Hata waya bora huharibiwa na dakika kumi za mwisho. Katheta, mrija ulioupitisha, hupasuliwa ikivutwa nje, na hapo waya hufuata mkono wa daktari. Kwa hiyo waya mwembamba wa ndani huachwa mahali pake mpaka katheta itoke yote. Kisha ulegevu. Mgonjwa amelala, kiwambo (msuli wa kupumulia chini ya mapafu) kiko juu. Akisimama, kiwambo kinashuka na moyo nao, na waya uliokuwa sawa unakuwa mfupi. Avute pumzi ndefu na akohoe huku eksirei ikitazama. Mwisho, uzi usioyeyuka hufungwa juu ya kifuko cha mpira kilichovishwa waya, si juu ya waya mtupu, mara mbili au tatu, na kushikizwa kwenye msuli wa kifua. Ukilegea waya unateleza. Ukikazwa mno unakata ganda lake.

Sasa mkono. Kuinua kiwiko na kubeba mzigo kunavuta waya, hilo halibishaniwi. Lakini ushahidi kwamba wiki sita za kujifunga zinazuia waya kuchomoka ni mwembamba, ilhali bega lililokakamaa ni ugonjwa unaojulikana vizuri. Wengine hufunga mkono kwa kitambaa hadi wanashindwa kuvaa shati. Ni bora kutaja kazi kwa majina. Kuokota korosho chini ya mkorosho, kula, kujifunga kanga: ruksa. Kutwanga kwenye kinu, kuvuta nyavu, kuinua gunia au kupandisha begi kwenye kichanja cha basi: hapana mpaka wiki sita ziishe. Pampu ya salfa ya mgongoni ina shida ya ziada, kwani mkanda wake unapita juu ya betri hata baada ya kidonda kupona. Na kuchezea betri chini ya ngozi kukatazwe kabisa. Wapo waliozungusha hadi nyaya zikajiviringa zote.

Waya ukichomoka, betri yenyewe inaweza isijue. Kaunta itaandika asilimia 99 ya mapigo yamesukumwa, kwa sababu inahesabu umeme uliotolewa, si msuli ulioitika. ECG ndiyo hutoa siri: QRS inatanuka tena na umbo lake linabadilika. Mganga wa hospitali ya Ligula au Ndanda anaweza kuliona hilo bila kompyuta ya betri, mradi ana cha kulinganishia. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi, mgonjwa achukue nakala ya ECG iliyopigwa betri ikifanya kazi na eksirei mbili, ya mbele na ya ubavu, pamoja na kadi yenye jina la kampuni, maana kompyuta ya kampuni moja haisomi betri ya nyingine. Kwikwi isiyokoma, miguu kuvimba upya au pumzi kukata anapolala: arudi kupigwa ECG siku hiyo hiyo, asingoje kliniki.