Kumbe lile kriii-kriii lilikuwa la mtambo!

Jamani mi nimevurugwa. Miaka zaidi ya 30 nimemnunia shemeji yangu wa Raskazone, hapa hapa Tanga, kisa simu, ile ya mezani ya kuzungusha kidole. Enzi hizo sisi wa Ngamiani tunapigia kwa jirani, unapiga hodi, unakalishwa, unanyweshwa chai ya mkandaa ndo unapewa mkonga. Ukiuweka sikioni unasikia mmmmm, yani mtambo wa kuunganisha simu uko tayari, zungusha. Ukisikia tuu-tuu-tuu mtu anaongea na mwingine, unarudi kwako huna kinyongo. Sasa mi siku hiyo nilikuwa nataka kukopa hela (kukopa kwa simu aibu inapungua bana), nikasikia kriii-kriii, kimya, kriii-kriii, kimya, nikajua hiyo inaita sebuleni kwake, yani namuona kabisa kakaa kwenye sofa anaitazama tu. Nikapiga mara tatu. Toka siku hiyo salamu yangu haipati.

Sasa jana kijiweni, tunapiga kahawa, kuna mzee alikuwa fundi wa mitambo ya simu, nikamsimulia. Kacheka mpaka kashata ikampalia. Ananambia we kijana, ule mlio hautoki kwa shemejio, unatoka mtamboni, mtambo ndo unakulilia wewe sikioni na kengele ya kule inapelekewa umeme wake tofauti. Waya ukikatika hapo nguzoni kwake we utasikia kriii-kriii vilevile mpaka usinzie!

Nimekaa kimya. Mzee ndo kwanza kakolea, ooh mtambo wa kujiunganisha bila opereta alibuni mzishi wa Marekani, Strowger, akapewa hataza, yani haki ya ubunifu wake, 1891, inasimuliwa eti opereta alikuwa mke wa mzishi mwenzie, wafiwa wakipiga wanaunganishwa kwa mumewe. Nikamwambia mzee, huyo kaibiwa maiti tu, mi nimeibiwa shemeji mzima.

Usiku nikasema yaishe, nimpigie. Simu za siku hizi hata kriii hakuna, nimewekewa taarabu ya mafumbo, nasikiliza huku najiuliza hili fumbo kalichagua kwa ajili yangu au limetoka mtamboni nalo? Hakupokea. Mke wangu yuko kitandani ananiangalia tu, mwisho anasema, "Hapokei huyo, kakununia toka zamani. Anasema alikupigia kwa jirani ikaita we, mpaka akachoka."