Faili Lipo, Mzee Analiona

Mzee anauza vipuri vya magari Kariakoo. Tovuti ya duka lake inavuta bei kutoka faili moja tu, bei.csv. Tulipoihamishia seva mpya, bei zote zikayeyuka, na kwenye logi, yaani daftari la makosa la seva, PHP, lugha inayoendesha tovuti, ikawa inalia: "Failed to open stream: Permission denied", yaani imenyimwa ruhusa.

"Faili halifunguki, mzee."

"Halifunguki vipi? Mimi hapa naliona!"

Kweli alikuwa analiona, ila kwenye kompyuta ya dukani, ambayo na seva hawana hata ujomba.

Mpwa wake, anayesomea kompyuta, akaingia na dawa yake ya magonjwa yote: chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Nilipochungulia nikakuta amelitwanga nayo faili, folda, picha za betri, hadi nembo ya duka. Yeyote ambaye angelifikia faili angeweza kujibadilishia bei ya mafuta ya breki, ila Apache, programu inayohudumia tovuti, haikulifikia. Logi ikaendelea kulia vilevile.

"Kijana, nimekulipa ufungue au ufunge?" mzee akaniuliza.

Nikiingia kama root, mtumiaji mkuu wa seva, faili nalisoma bila tabu. Lakini root hupita popote, kwa hiyo ushahidi wake haufai kitu. Nikaagiza asome www-data, mtumiaji ambaye Apache ya Ubuntu (Linux ya seva yetu) hufanya kazi kwa jina lake. Akagonga mwamba. Hapo nikaita namei -l, amri inayoanika kila folda ya njiani pamoja na ruhusa zake. Huko chini kote 777 tupu. Huko juu, /home/duka imeandikwa drwxr-x---: mwenyewe na kundi lake wanapita, wengine hawapiti. Yaani mpwa kang'oa milango ya vyumba vyote, na geti la nje lina kufuli! Linux haikufikishi kwenye faili mpaka uwe na ruhusa ya kupita kila folda iliyo juu yake. Seva ya zamani ilikuwa Ubuntu 20.04, ambako folda za watumiaji huanza na 755, kila mtu anapita; tangu 21.04 zinaanza na 750, mgeni hapiti.

Nikapiga chmod o+x /home/duka, yaani wengine waruhusiwe kupita, bei zikarudi. Zile 777 nikazifagia. Mzee kwa furaha akaniahidi breki pedi za bure. Gari lenyewe sina.

Jioni simu ikaita.

"Kijana, kuna mteja hapa kashika simu. Anasema tovuti yangu imeandika breki pedi nimenunua 28,000, nauza 45,000, bei ya mwisho 35,000."

Kumbe wakati tunahangaika, mpwa alikuwa "analiboresha" faili: kaongeza safu mbili za hesabu za ndani, na skripti huchapa kila safu inayoikuta.

"Nilifunge, mzee?"

"Funga! Funga kila kitu!"

Nyuma yake nikamsikia mteja, hana haraka hata kidogo: "Haya mzee, tuanzie hapo kwenye 35,000, tushuke taratibu."