Shamba likielekea mnadani: kimbilio ni korti au meza ya benki?

Mtu wa huku kwetu magharibi mwa Kenya, awe Kisumu, Vihiga au Busia, akiona shamba lake limetangazwa gazetini kwamba litapigwa mnada, ushauri wa kwanza anaopewa na ndugu na majirani ni uleule: tafuta wakili, kimbia kortini, usimamishe mnada. Ushauri huo umeokoa watu, na umezamisha watu vilevile. Wale waliozama hawasimuliwi sana, kwa hiyo ni vyema tuupime kutoka pande zote mbili.

Kwanza muda, kwa sababu mambo mengine yote yanategemea muda. Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mkopeshaji kuuza shamba lililowekwa rehani eti kwa kuwa malipo yamekwama wiki mbili. Mkopaji akishakaa na malimbikizo, yaani malipo yaliyopitiliza tarehe yake, mwezi mzima ndipo benki inaweza kumpa notisi ya kwanza, na hiyo inampa muda usiopungua miezi 3 kurekebisha mambo. Asipolipa, inafuata notisi ya kuuza, siku 40. Halafu dalali naye, kwa kanuni za mwaka 1997 zinazoongoza kazi yake, anatoa notisi ya kukomboa mali, siku 45, na tangazo likishatoka gazetini zinapita angalau siku 14 kabla nyundo haijagongwa. Ukijumlisha tangu notisi ya kwanza, ni kama miezi sita. Muda wote huo, mpaka mnunuzi apatikane na mauzo yakubaliwe, mwenye shamba ana haki ya kulipa deni lote na kurudishiwa hati yake.

Miezi sita ni mali. Lakini wengi hushtuka dalali anapofika getini na karatasi zake, wakati zaidi ya miezi minne kati ya hiyo sita imeshapita.

Wanaosema nenda kortini wana hoja, tena nzito. Benki hukosea. Notisi ya kwanza inapaswa kusema kosa ni lipi, pesa ngapi zilipwe, zilipwe kufikia lini, nini kitafuata zisipolipwa, na kwamba mkopaji ana haki ya kuomba nafuu mahakamani. Mara nyingine unakuta barua ina jumla ya deni peke yake, na imetumwa kwa sanduku la posta la Luanda, kule Vihiga, ambalo mwenyewe aliacha kulilipia zamani alipohamia Kisumu. Kama shamba ndilo lenye nyumba ya familia, rehani haisimami bila mke au mume anayeishi hapo kutia sahihi au kuonyesha kwamba alikubali, na notisi ya kuuza lazima imfikie yeye pia. Shamba la kilimo lazima lipitie bodi ya ardhi; rehani isiyo na idhini ya bodi ni batili. Kisha kuna riba. Tangu mwaka 2007, Sheria ya Benki inasema kwamba mkopo ukishakwama, riba inayoongezwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama. Mtu aliyebakiza laki nane, kisha akadaiwa milioni tatu, ana kila sababu ya kumtaka jaji aikague hesabu hiyo. Bila korti, nani angeikagua?

Upande wa pili hausemwi kwa sauti hiyo. Jaji hatoi zuio, yaani amri ya kusimamisha mnada, kwa kumwonea mtu huruma. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, mwombaji anapaswa kuonyesha kwamba kesi yake ina mashiko, na kwamba bila zuio atapata hasara ambayo fidia ya pesa haiwezi kuiponya. Jaji akibaki na shaka, anapima ni nani ataumia zaidi. Hapo pa fidia ndipo wengi huanguka. Mzee anasimama na kueleza kwamba wazazi wake wamezikwa pale, na majaji wamejibu mara nyingi kwamba shamba likishawekwa rehani limegeuka bidhaa inayoweza kuuzwa, na benki ina uwezo wa kumlipa fidia ikibainika imekosea. Jibu hilo linauma, maana kwetu kaburi halina bei. Ila ndilo jibu atakalolipata, na ni afadhali alijue kabla ya kulipa ada ya wakili.

Hata akishinda, mara nyingi ameshindia notisi tu. Benki inaambiwa ianze upya, itoe notisi sahihi, na deni liko palepale likiendelea kuzaa. Tuseme amebakiza milioni 1.8 na riba ni asilimia 16 kwa mwaka. Kesi ikikaa miaka miwili, riba peke yake inakaribia Sh576,000, kabla hujahesabu adhabu za kuchelewa na gharama za kesi. Zuio aliloshangilia limemlia kipande cha shamba. Wapo pia waliofungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa kuwa jambo linahusu shamba, ilhali Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017 kwamba mizozo ya hesabu za mkopo wenye rehani ni ya Mahakama Kuu. Miezi inapotea hivyo.

Kwa maoni yangu, mwenye ekari tatu karibu na barabara kubwa angeanza na jambo ambalo wazee wetu huliona aibu: auze kipande mwenyewe. Akiuza kwa hiari, anachagua upande usio na makaburi, anachagua mnunuzi na anajadili bei. Mnadani mambo ni mengine. Sheria inaitaka benki ifanye tathmini na itafute bei nzuri inayowezekana, na shamba likiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini wanunuzi wengi huku huogopa boma lenye makaburi na ndugu wenye hasira, na woga huo hushusha bei. Kuuza kipande nako si kazi ya wiki moja: benki ikubali kuachilia sehemu, mpimaji aje, bodi ya ardhi ikae, hati mpya zitoke. Ndiyo maana kazi hii ni ya ile miezi mitatu ya kwanza.

Meza ya benki, yaani kukaa na benki mpatane, nayo ina mitego, na sitaki kuipamba. Afisa wa mikopo anakwambia kwa simu, "Lipa kidogo, tutaangalia," na dalali anaendelea na kazi yake kama kawaida. Ahadi isiyo kwenye karatasi haitakusaidia mbele ya jaji. Pia soma vizuri mpango mpya wa kulipa kabla ya kutia sahihi: kama riba ya zamani imeingizwa ndani ya mkopo, kile kiasi ambacho riba haitakiwi kuzidi nacho kimepanda.

Na kujitangaza umefilisika? Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina milango mizuri ambayo watu wachache huku wanaijua. Asiye na mali ya kuuzwa, mwenye madeni ya kati ya Sh100,000 na Sh400,000, anaweza kuomba utaratibu ambao, akikubaliwa, humwondolea madeni hayo baada ya miezi 12. Mwingine anaweza kupatana na wadai wake wote kwa pamoja chini ya usimamizi. Huo ni msaada wa kweli kwa mwenye duka pale soko la Kibuye, Kisumu, anayeandamwa na wauzaji wa jumla na mikopo ya simu. Ila mwenye kushika hati ya shamba kama dhamana hazuiwi na kufilisika kwako, anauza tu. Sheria hii humfaa mwenye shamba baadaye, mnada ukishapita bila kumaliza deni na benki ikamfuata kwa salio.

Kuna wanaotaka sheria iongeze muda wa notisi. Mimi siungi mkono. Pesa za sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ni akiba ya walimu na wakulima wa miwa, na mkopo unaokwama miaka minne kortini unamnyima mwanachama mwingine mkopo wa karo. Jambo ambalo ningelipigania ni dogo kuliko hilo. Sheria inataka notisi imweleze mpokeaji vya kutosha. Sasa mzee wa Seme aliyemdhamini mwanawe kwa hati yake anapelekewa kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili. Anazikunja, anaziweka chini ya godoro mpaka mjukuu arudi likizo, na miezi mitatu imekwisha. Notisi hiyo iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili au wa lugha yake, wenye kiasi cha malimbikizo, tarehe ya mwisho, na anakoweza kwenda kuomba msaada. Hilo halihitaji Bunge. Benki zinaweza kuanza nalo mwezi huu.