Mtoto wa diwani anasoma wapi?

Nikipiga simu nyumbani Iramba, Tanzania, mazungumzo yakifika kwenye shule, maswali huwa yaleyale. Eti huko Marekani kila mtoto ana kompyuta? Wanakula shuleni? Basi linawafuata nyumbani? Najibu ndiyo kwa yote matatu, watu wanaguna, tunahamia kwenye habari za alizeti. Mimi lakini si hivyo vinavyonitia wivu.

Tunaishi Nebraska, mji mdogo uliozungukwa na mahindi na soya. Sekondari ya hapa ni ya serikali, gredi ya 9 hadi ya 12, na wanafunzi wake wote ukiwapanga mstarini hawafikii kidato kimoja cha shule niliyosoma mimi. Wengi wako pamoja tangu chekechea. Yumo mtoto wa meneja wa benki, wa daktari wa mifugo, wa mkulima mwenye matrekta ya bei ya kutisha, wa mama anayekata nyama kiwandani zamu ya usiku. Yumo na mtoto wa mkuu wa shule mwenyewe. Shule nyingine iko mbali, kwa hiyo wote wanabanana hapohapo, na shule ikiyumba wanayumba wote.

Matokeo yake utayaona kwenye kikao cha bodi ya shule. Wajumbe wanapigiwa kura na wananchi, mlango uko wazi, na fedha inayojadiliwa sehemu kubwa imetoka kwenye kodi ya ardhi na majengo ya watu hao hao. Mwenye ekari nyingi analipa nyingi, na analalamika kwelikweli. Nimesikia wazee wakibishania paa la ukumbi wa michezo kwa ukali ambao sisi tunauweka akiba kwa kesi za mipaka ya mashamba. Lakini walikuwepo. Hata wale ambao watoto wao walishamaliza zamani walikuwepo.

Watu wa huku wanaing'ang'ania shule yao hata pale hesabu inapokataa. Futboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande. Mwaka 1934, hali ya uchumi ikiwa mbaya na shule nyingi za vijijini hazifikishi hata hao 11, hapahapa Nebraska ukabuniwa mchezo wa watu sita. Hawakusema vijana ni wachache basi tusicheze; walipunguza wachezaji, na hadi leo zipo shule zinazocheza hivyo. Nyingine zimeungana mpaka jina limekuwa treni: Sumner-Eddyville-Miller, miji mitatu, shule moja, na hakuna aliyekubali jina la mji wake lifutwe. Mwaka 1940 nchi hii ilikuwa na mamlaka za shule zaidi ya 117,000. Leo hazifiki 14,000. Kila moja iliyofutwa iliacha mji wenye kinyongo.

Sipambi. Mfumo wa kodi ya ardhi unamaanisha penye mali pana shule nzuri na pasipo mali hapana, na serikali ya jimbo huziba sehemu tu ya pengo hilo. Mwalimu mmoja anaweza kubeba kemia, fizikia na baiolojia peke yake. Mapenzi yao ya michezo yamepita kiasi, kwa maoni yangu. Na binti yangu hajawahi kushika fagio shuleni. Kuna mtu analipwa kwa kazi hiyo. Hapo nyumbani tunawashinda. Kwetu kaka mkuu wa kidato cha tatu anasimamisha mamia ya wenzake mstarini, viranja wanapanga zamu za usafi na maji, na mwalimu wa zamu akichelewa shule inaendelea kutembea. Ule ni uongozi, na hapa sijauona.

Sasa turudi nyumbani, kwenye shule za kata, yaani sekondari za serikali zilizojengwa katika kila kata. Mwaka 2005 sekondari za serikali Tanzania zilikuwa kama 1,200. Kufikia 2009 zilizidi 3,000. Hazikushuka kutoka mbinguni. Wanakijiji walisomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali, wakatoa michango wakiwa hawana. Ukitafuta wenye shule duniani, ni hao. Kisha tukaziita yeboyebo, kwa dharau. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, kabla ya kufutwa na kupangwa upya, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na sifuri, na taifa likashtuka kama vile halikujua.

Tungejuaje? Waliopasua darasa la saba walishachukuliwa kwenda shule za vipaji maalumu za bweni. Wenye fedha wamepeleka wao seminari na shule binafsi. Mtoto wa diwani hayupo, wa afisa elimu kata hayupo, na wa walimu wengi hayupo. Wamebaki wale ambao baba zao wakinyoosha mkono mkutanoni wanaambiwa ajenda ni mchango wa makande. Ada ya kutwa, shilingi 20,000, ilifutwa Januari 2016, na ni jambo jema, ila haikumrudisha mtoto wa mkubwa.

Shemeji yangu anafundisha shule ya kata na wanawe wako shule ya kulipia. Nilipomweleza haya akacheka: "Wewe shemeji, wako ungemleta hapa?" Nikamwambia kwa hali ilivyo, simleti. Ndiyo maana sitaki tungoje huruma ya mzazi mmojammoja. Bodi za shule za kata, ambazo wajumbe wake huteuliwa, zipigiwe kura kwenye mikutano ya vijiji na zisomewe mapato na matumizi hadharani. Na wanafunzi vichwa wa kata wabaki katani mpaka kidato cha nne, bweni lianzie cha tano.

Shemeji anasema wazazi watagoma wakinyimwa nafasi ya Ilboru, mojawapo ya hizo shule za vipaji. Watagoma, najua. Na wagomee hapohapo kwenye mkutano wa shule ya kata, diwani akiwa amekaa mbele yao.